Daraja la Mbele ya Ploti

Mimi ni mtu wa kuangalia chini. Nikiongea na mtu, macho yangu hukaa kwenye viatu vyake, na nikitembea hukaa njiani. Kwa hiyo ukinipeleka mji wowote siwezi kukuambia jengo refu liko wapi, lakini naweza kukueleza jinsi watu wa pale wanavyovuka mtaro.

Kazi ndiyo hunipeleka. Nilipomaliza darasa la nane niliingia gereji ya kuchomelea vyuma hapa mtaa wa Huruma. Mwenye gereji ni mzee wa Ukambani, na sote tunamwita Fundi. Watu wa miji ya mbali humwagiza milango ya maduka. Tunaipakia kwenye pikapu na kwenda kuifunga. Yeye huongea na mwenye duka. Mimi hubeba mashine.

Mwaka jana nilikuwa na sababu ya kuangalia mitaro kuliko kawaida. Mbele ya ploti yetu, jengo la ghorofa tunalopanga, kuna mtaro mpana wa maji machafu, na daraja lake lilikuwa ubao wa kabati. Kabati lenyewe hakuna anayejua lilikwenda wapi. Mama aliteleza hapo, akaumia mguu. Mguu ulipona lakini haukurudi kuwa ule wa zamani. Akaanza kutembea na fimbo, na ubao akaukataa. Akitaka kwenda kanisani ilibidi nimshike mkono hadi ng'ambo, na mama yangu si mtu wa kushikwa mkono.

Jioni moja, akichambua maharagwe, akaniambia, "Baba, mimi sitavushwa kama mbuzi. Krismasi ikifika kabla sijavuka mwenyewe, narudi nyumbani."

Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Nyumbani ni Vihiga. Mimi sijawahi kuishi katika nyumba ambayo si yake, na sikutaka kuanza. Kesho yake nilikuta sufuria kubwa ya ugali imefungwa ndani ya gunia la safari pamoja na blanketi. Tukawa tunapikia ile ndogo. Ugali wa sufuria ndogo huisha kabla ya mboga.

Basi nikaenda kazini nikiangalia. Mjini Mwingi tulifunga mlango wa duka la mbegu, na nikaona kwamba kila mwenye duka upande ule alikuwa amejenga baraza kwa kimo alichokipenda yeye. Ukitaka kupita chini ya paa kutoka duka la kwanza hadi la mwisho, unapanda, unashuka, unapanda. Wazee walikuwa wanapita bila kutazama. Watu wa pale wana magoti mazuri.

Kwenye barabara ya kwenda Busia tulisimama kula karibu na tuta. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo, na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi walikuwa wanayafuata madirishani. Nilimuuliza Fundi ni nini kilichotangulia hapo, tuta au ndizi. Akafikiri mpaka tukamaliza kula.

"Ndizi," akasema.

Luanda, ile ya Vihiga, nilikuta madaraja ya vyuma vyembamba vilivyopangwa sambamba, vyenye nafasi katikati, na maji yanaonekana chini. Sikuyapenda. Nililolipenda lilikuwa mji mwingine, mbele ya zahanati: bamba moja pana la chuma lenye vinundu, kama lile la ngazi za basi, na reli za kushikilia pande zote mbili. Mgonjwa alipita juu yake polepole akiongea kwa simu. Nikaona hilo ndilo la mama.

Kumwomba Fundi mabaki ya chuma kulinichukua safari nzima ya kurudi. Nilimwomba tulipofika, nikiangalia viatu vyake.

"Chukua," akasema. "Lakini usichomelee saa zangu."

Nikalitengeneza kama nilivyoliona. Nikalipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa duka la dawa. Jumamosi asubuhi nililiweka juu ya mtaro, nikarukaruka juu yake, halikutikisika, nikaenda kazini.

Nilikuwa nimesahau ninakoishi. Huruma, mahali palipo sawa na pakavu, penye kitu cha kutundikia, si daraja. Ni duka.

Niliporudi jioni, mama mboga wa kwenye kona alikuwa ametandika gunia lake juu ya bamba na kupanga nyanya mafungu mafungu. Kwenye reli moja kulikuwa na fulana za watoto, mitumba. Kwenye nafasi iliyobaki palikuwa na pikipiki ya boda boda, na mwenyewe ameketi juu yake. Mama alikuwa ameshuka na fimbo yake kutoka ghorofa ya tatu, akatazama, akapanda tena.

"Daraja ni zuri," aliniambia. "Nani anauza zile fulana?"

Blanketi la pili likaingia guniani.

Nikashuka kuongea na mama mboga. Miguuni alikuwa amevaa sandali za plastiki.

"Ni wewe uliweka hii kitu?" akasema. "Mungu akubariki. Pale kona matope yalikuwa yananimaliza."

"Niliwekea mama."

"Si nimemwona. Tumesalimiana."

"Alikuwa anataka kupita."

"Sasa nani alimkataza? Angesongesha fulana."

"Buda," mwenye boda boda akasema, "siku ingine weka na paa."

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilipanda kulala, na hapo nikakumbuka vile vyuma vyembamba vya Luanda. Sikuwa nimejiuliza kwa nini hakuna mtu aliyekuwa anauza kitu juu yake.

Baada ya siku chache nikang'oa bamba na kuchomelea vyuma vyembamba, vyenye nafasi katikati. Nyanya mbili za kwanza za mama mboga zikaingia mtaroni. Alizitazama zikienda na maji, kisha akanitazama mimi, kisha akabeba gunia lake. Pikipiki nayo, kigingi chake cha kusimamia kikazama kati ya vyuma, ikaegemea reli kama mlevi, na mwenyewe akaiondoa akinitaja kwa matusi. Fulana zilifuata, kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kuzilinda. Nikapanda kumwita mama.

Alikanyaga hatua ya kwanza vizuri. Hatua ya pili fimbo ikapita katikati ya vyuma mpaka kwenye mpini, ikakwama.

Mama mboga alicheka, akaacha, akaja kuivuta. Ilitoka ikiwa imelowa.

"Mathe, huyu kijana wako anatutega sisi wote."

"Amezaliwa hivyo," mama akasema. Alikuwa ameshika reli, na hakuonekana kutaka kurudi juu. Alikuwa anapima daraja kwa macho kama mtu anayenunua kitambaa. "Baba, lile bamba liko wapi?"

"Gereji."

"Kata kipande cha upana wa mtu mmoja na fimbo yake. Kiweke katikati. Kando uache hivi hivi."

"Na mimi?" mama mboga akauliza.

"Wewe kaa pale mwisho, ardhini. Nikiona pikipiki hapa nitakuuliza wewe."

"Na matope?"

"Atakuletea mawe," mama akasema, bila kuniuliza.

Nilileta mawe kwanza, halafu kipande cha bamba. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu nikiangalia chini. Mama alivuka peke yake, Biblia kwapani, hakushika reli. Upande wa pili hakugeuka.

Aliporudi kutoka kanisani nilimsikia kabla ya kumwona.

"Hii sukuma wiki ni ya jana."

"Ni ya asubuhi, mathe."

"Asubuhi ya jana."

Akainunua. Akapanda ngazi, akaiweka mezani, akafungua gunia, akatoa sufuria kubwa na kunipa. Alisema niioshe vizuri, inanuka gunia.