Jina Langu kwenye Pasteki

Kisu kikigusa tikiti maji lililoiva, ganda hupasuka lenyewe, kra!, kabla ncha haijafika katikati. Hadi leo, nami ni mama wa watoto, nikiusikia mlio huo uso hunichoma kwa aibu. Ngoja niwaambie kwa nini.

Tulikaa mtaa wa Shituru, na nyuma ya nyumba mama alipanda pasteki, ndivyo tunavyoliita tunda hilo kwetu Likasi. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu. Kiangazi kizima nilibeba maji yaliyosuuzia mboga, nikayatia shinani kikombe kwa kikombe. Majani yalitambaa mpaka mlango wa choo, lakini tunda lililonenepa lilikuwa moja tu. Mengine yalinyauka yakiwa madogo kama mayai.

"Ile ya kwanza iko ya Mungu," mama akasema. "Tutaipeleka ku kanisa. Weye utakula ile itafuata."

Itafuata kutoka wapi? Nilikuwa na miaka minane na ulafi usiojificha. Nikaokota msumari, nikalikwaruza tunda jina langu, NGALULA, herufi saba zilizopinda. Niliamini hakuna anayeweza kumtolea Mungu kitu chenye jina la mtu. Tunda likakua, na jina likakua nalo, likawa kovu pana la kahawia. Mama alipita pale kila asubuhi, akiinua majani kulitazama.

Jumapili ya malimbuko akalichuma, akalifunga katika kitenge, tukaenda. Mchungaji alilifungua mbele ya watu, akasoma.

"Ngalula ni nani? Kuya hapa, mutoto!"

Nikaenda.

"Muangalie huyu mutoto! Iko mudogo, lakini ameandika jina yake juu ya sadaka!"

Vigelegele vikalipuka. Nikalia, wakadhani ni furaha. Mama alikuwa akipiga makofi kuwashinda wote.

Walikata, wakagawia wajane kwanza. Kipande changu kilikuwa chembamba, na kilikuwa kitamu ajabu. Njiani kurudi nilingoja mama anikemee.

"Kesho usisahau maji, mama wa sadaka," akasema tu, akicheka.

Nilichelewa sana kuelewa. Angeweza kuniumbua, na nilistahili. Badala yake aliacha nisifiwe kwa ukarimu ambao sikuwa nao, mpaka nikatamani kuwa nao kweli. Nampenda kwa hilo kuliko kwa mengi aliyonipa.

Juzi, kwenye bustani yangu, nimeinua jani nikakuta pasteki yetu ya kwanza imekwaruzwa jina la binti yangu. Nimelirudisha jani mahali pake, nikamwita, nikamwambia asisahau maji.