Lubugo Uliokosekana Ukutani

Mimi nilijijenga mwenyewe, na sioni aibu kulisema. Nilianza kwa kuosha sahani katika hoteli moja ya Jinja, nikaenda Uarabuni, nikarudi baada ya miaka tisa na stashahada ya uendeshaji wa hoteli. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliye nayo. Hata mambo ya sanaa nilijifunza mwenyewe. Mchoraji ninayempenda kuliko wote alikuwa akinywa chai pale hotelini. Alichora kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome la mti chenye rangi ya udongo, na watu aliowachora wote walikupa mgongo. Mshahara wangu wa kwanza niliutumia kununua picha yake moja: mwanamume amesimama mbele ya mto. Wenzangu jikoni walinicheka. Leo kazi zake zinatundikwa makumbushoni.

Kwa hiyo msimamizi wa makumbusho ya Jinja aliponiomba nimwazime picha yangu kwa maonyesho, nilikubali hapohapo. Nikamwambia kwenye kadi aandike jina langu, na stashahada pia. Kisha nikaenda Mbale kuichukua. Nilikuwa nimemwachia dada yangu, katika nyumba ya marehemu baba huko mtaa wa Malukhu.

"Dada, ile picha iko wapi?"

"Ule lubugo? Si tulimzika nao baba."

Nilidhani ananitania. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kila mtoto alileta lubugo wake wa kumfunika mzee. Ndivyo tunavyofanya sisi Wasoga, au huko Uarabuni ulisahau? Tulikungoja siku mbili, bwana mkubwa. Watu wa ukoo wakaanza kuuliza, wa kijana wake uko wapi? Ningewaambia nini? Nikautoa ukutani."

"Ulikuwa na picha, dada!"

"Tuliigeuza rangi ndani, imwelekee yeye."

Siku hizo mbili nilikuwa kwenye mtihani wangu wa mwisho wa stashahada.

Nilifika Jinja siku ya ufunguzi, suti imenyooka, mikono mitupu. Makumbusho yapo katika duka la zamani la Wahindi, na kuta zake ndefu zilikuwa zimejaa lubugo kutoka mlangoni hadi nyuma. Katikati palikuwa na misumari miwili bila kitu, na chini yake kadi yenye jina langu.

"Karibu, bwana," msimamizi alisema. "Picha iko kwenye gari?"

"Iliibwa."

"Pole! Ulikuwa umemwachia nani?"

"Dada yangu."

"Ndugu zetu hawa! Ukisafiri tu, wanauza mpaka milango." Akachukua kalamu.

Nilizunguka ukumbi. Nilikuwa nimeingoja siku hii miaka mingi, lakini kila picha niliyoiendea, watu walikuwa wamenigeuzia mgongo. Zamani hilo ndilo lililonivutia. Niliporudi kwenye ile misumari, kadi ilikuwa imeongezwa maneno: iliibwa nyumbani kwa dada yake, Mbale. Malukhu nzima ingejua ni dada yupi. Yeye ndiye aliyeniokoa mbele ya ukoo, na sasa nimemfanya mwizi ukutani.

Nilimwambia msimamizi yote, hata habari ya mtihani. Aliibandua ile kadi.

"Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba baba yangu alizikwa nayo. Na stashahada uifute."

Alinitazama kuona kama natania, kisha akaandika kadi mpya.

Mzee mmoja mwenye kofia ya Kiislamu, mfanyabiashara wa mtaa huohuo, aliisoma polepole, akanigeukia.

"Ni wewe? Umemheshimu baba yako, mwanangu. Ulimfunika kwa mikono yako?"

"Hapana, mzee. Sikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye picha inayofuata.