Chupa za Ghorofa ya Saba

Nilimwigiza mlevi, nikajirekodi, nikatuma kwenye kundi la kazi. Naanza na huo upuzi ili msidhani mnasoma maneno ya mtu mwenye busara. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya wiki tatu za utumishi katika hoteli moja hapa Doha. Nyinyi wa kidato cha kwanza mnaosubiri mafunzo ya likizo, someni.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Msimamizi wa Stoo ya Mashuka, ambaye jioni hunipikia ugali nyumbani kwetu, mtaa wa Najma.

"Hapa mimi si mama yako," alisema. "Shika upande huo."

Kitambaa cha meza ya harusi ni kirefu kama kesi ya shamba, na mashine haikiwezi. Hukunjwa na watu wawili: mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzake Mama alikuwa Anti Rose, Mganda aliyesafisha vyumba vya ghorofa ya saba na kushuka kila mchana kumsaidia.

Wiki ya pili nilipanda cheo: kusukuma toroli ghorofa hiyohiyo. Huko niliona kazi ya kumwaga. Mgeni akiondoka na kuacha chupa ya pombe haijaisha, haibebwi wala haionjwi. Mfanyakazi mmoja anaimwaga kwenye sinki, mwingine anashuhudia. Otieno, mbeba mataulo, alimwaga nusu tu. Nusu ilipitia kwake. Saa nane mchana alikuwa anaongea na lifti. Wenzake walimpa pipi ya mnanaa, wakamlaza stoo, na Mudiri, yaani meneja wetu, akiuliza, wakasema tumbo linamsumbua.

"Mwanamume ana mawazo ya nyumbani," walisema.

Anti Rose naye alikuwa akinywa, kabla sijafika, kwenye kikombe cha chai. Yeye hakupewa pipi. "Mama mzima, na ana watoto," walinong'ona, na wanawake ndio waliokaza zaidi. Hakuna aliyekubali kushuhudia naye, kwa hiyo aliachwa na chupa peke yake. Fikirieni hilo.

Sikujua kwamba alikuwa ameacha. Ijumaa tatu mfululizo, maana huku ibada ni Ijumaa, Mama alikwenda naye kanisani Mesaimeer, na kila mchana, wakikunja vitambaa, Mama alikuwa akiangalia kama mikono yake inatetemeka. Haikutetemeka.

Nami nikavaa aproni, nikamwigiza Otieno akisalimia lifti, kisha Anti Rose akigonga ukuta kwa toroli na kuuomba ukuta radhi. Kundi zima likacheka. Nilisahau kwamba Mudiri yumo.

"Otieno, habibi, kunywa maji," aliandika. Kisha: "Na huyo mwanamke ni nani?"

Nilidhani watanyamaza, kama walivyomnyamazia Otieno siku zote. Watu watano waliandika jina lake, mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi Anti Rose aliitwa ofisini. Mama aliingia naye, nami nikafuata.

"Mnuse, Mudiri," Mama alisema. "Wiki tatu hajaonja."

"Khalas, yamekwisha, Msimamizi. Mwanamke mlevi kwenye vyumba vya wageni, hapana. Jumapili anasafiri."

"Na Otieno?"

"Otieno ni mtu wa utani."

Nikasema ulikuwa mzaha wangu, nimemzulia.

"Wewe nawe umemaliza mafunzo," alinijibu. Ndivyo nilivyostaafu, bila keki.

Anti Rose hakunitukana. Aliniuliza tu kama ile video inaweza kumfikia binti yake Jinja. Nikamwambia nimeifuta. Nilikuwa nimeifuta kwenye simu yangu.

Katika uzee huu wangu namfikiria pia Otieno. Bado yupo, bado anapewa pipi, na sijasikia hata mmoja akimwambia acha. Juzi alianguka kwenye ngazi, wakacheka, wakamwinua.

Jumapili nilirudi stoo kurudisha aproni. Ndege ya Anti Rose ilikuwa imeshaondoka. Mama alisimama peke yake na kitambaa cha harusi, ncha za upande wa pili zikiburuzika sakafuni.

"Mama, nilitaka tu watu wacheke," nikasema.

Alikung'uta kitambaa, hakunitazama.

"Hata mimi nilicheka. Kabla sijakumbuka ni nani. Shika upande wake."