Kitenge Walichokiita Jipu Imenileta

Katika soko kuu la Bunia kitenge hakikai sana bila jina. Kiwandani kinatoka na namba tu, lakini kikishafika kwenye meza zetu wanawake wanakitazama, wanacheka kidogo, na mmoja anasema neno. Kesho yake wanunuzi wanakiomba kwa neno hilo. Kuna kinachoitwa Bwana Amechelewa, kuna Jicho la Jirani, kuna Wakwe Wamefika. Mimi nafanya kazi kwenye meza ya mama mdogo, yaani mdogo wa mama yangu. Nakunja, napanga kwa rangi, napanda juu ya kiti kuteremsha vile vya juu. Maneno ya kuvuta wanunuzi anayasema yeye. Tangu utoto, mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito, na shule yangu iliishia darasa la sita. Hata haya naandika polepole, nikilijaribu kila neno mdomoni kabla ya kuliweka.

Kwa hiyo nilikuwepo siku kitenge kimoja cha kijani, chenye ndege weupe, kilipopewa jina. Hakikuwa cha kuuza. Kilipita mbele yetu kimevaliwa na msichana wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, ambaye wiki ile alikuwa amerudishwa kwao na nyumba ya akina mama.

Nyumba ya akina mama ni jina letu. Ni shirika dogo, lina ua na geti la bati. Linawapokea wanawake na wasichana waliopelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Nizi na Kilo, kwa ahadi ya kazi ya mgahawa, kisha wakauzwa kwa wanaume. Linawatafuta, linawatoa, linawapeleka kwa daktari na kwa mwanasheria, linawafundisha kushona. Haya sikuyasikia redioni. Nimeyaona, kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa ndani.

Yaya, ndivyo ninavyomwita, alichukuliwa na mama mmoja tuliyezoea kumwona kwenye maombi. Alisema anatafuta mtu wa kupika wali na maharage huko Nizi. Yaya alipofika, karte yake ya uchaguzi, kitambulisho chake pekee, ilichukuliwa ili isipotee, wakasema, na simu nayo, na mgahawa haukuwepo. Sitaandika zaidi. Maisha yale ni yake. Akitaka kuyasema atayasema yeye. Nyumba ya akina mama ilimtoa. Tuliporuhusiwa kumwona mara ya kwanza alikuwa ameegemea ukuta na hakutazama mlango tulipoingia. Muda mrefu baadaye tulimkuta kwenye atelye, chumba chao cha kushonea, anagombania mkasi na mwenzake, huku anacheka. Mama alitoka nje akalia karibu na geti, kisha akarudi akamwambia apunguze kelele.

Sasa nirudi kwenye kitenge. Nyumba ile ilikuwa na namna yake ya kumrudisha msichana, na waliifanya kwa moyo wote. Walimleta mchana kwa gari lao, jipu jeupe. Nyuma walipakia godoro na mashine ya kushona. Wenzake waliimba mpaka mlangoni. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, alisimama, mchungaji aliomba, picha zilipigwa, na msichana alivaa kitenge kipya cha kijani, kile kile kwa kila anayeondoka. Walitaka familia ione kwamba mtoto wao amerudi na heshima.

Avenyu iliona jipu. Na msichana yule alipopita sokoni, mama mmoja muuza vitunguu aliwatazama ndege wake weupe akauliza kwa upole kabisa, "Kikwembe hii inaitwaje?"

Kisha akawageukia wenzake.

"Basi mimi naijua," akasema. "Inaitwa Jipu Imenileta."

Walicheka meza kwa meza. Mama mdogo hakucheka, lakini hakunyamazisha mtu. Tangu siku ile kila aliyevaa kitenge hicho Bunia alikuwa amekwisha kujieleza kabla ya kufungua mdomo. Wateja hawakumpelekea yule msichana nguo za kushona. Wanaume walimwita kwa midomo barabarani. Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa amerudi machimboni, mara hii kwa miguu yake.

Ndiyo maana, waliposema kwamba zamu ya Yaya ya kutoka imekaribia, nilikosa usingizi. Nilimtaka nyumbani, na nilimtaka abaki. Nilijua jipu likimleta mlangoni petu hatabaki.

Katika siku hizo alikuja mama mmoja kutoka mbali, mwenye asili ya Aru, aliyetumwa na wafadhili kupima kama nyumba ile inafanya kazi njema. Wengine walisema amekuja kuifunga. Direktrise, mama mnene mwenye sauti ya kwaya aliyeianzisha nyumba hiyo sebuleni kwake, aliita familia zote salani, kwenye ukumbi wao. Kila familia iseme jambo moja. Mama yangu alinigusa kiwiko.

"Sema weye. Weye ndiye ulisoma."

Nilisimama. Viatu vya watu wote vilikuwa vimenielekea. Nikasema, "Tuko bien, tuko muzuri. Aksanti," nikaketi. Familia zote zilisema hivyo hivyo, wengine kwa maneno mengi zaidi. Nani angesema kitu kibaya juu ya mikono iliyomtoa mwanawe shimoni? Yule mama wa Aru alitushukuru bila kuandika hata neno.

Kesho yake alikuja kwetu kwa moto, yaani pikipiki, peke yake. Mama yangu anauza sombe, na saa ile tulikuwa uani tunachambua majani ya muhogo kabla ya kuyatwanga. Mgeni aliomba kigoda. Mama akakataa, akasema mikono ya mgeni itanuka.

"Mama, mimi nimelelewa na sombe," akajibu. "Kule kwetu wanatwanga na bilinganya ndogo ndani. Ninyi munaweka?"

"Bilinganya? Kwa kuharibu?"

"Kwa kuponyesha yenu."

Mama alicheka, akamsukumia rundo la majani. Wakaanza kubishana juu ya mafuta ya mawese, na mimi nikashangaa jinsi mgeni alivyokuwa hana haraka. Alichambua vizuri, akitupa mashina magumu. Kisha, bila kuinua macho, akaniita leki, yaani mdogo wa mtu, akaniuliza, "Leki, siku Yaya yako atarudi, unaogopa nini?"

Hakuniuliza kama nyumba ni nzuri. Angeuliza hivyo ningesema tuko bien. Na mikono yangu ilikuwa na kazi, hakuna viatu vilivyonielekea. Nilimweleza kitenge kile na jina lake. Nilimweleza jipu, nyimbo, godoro lililoshushwa mchana mbele ya watu, msichana aliyerudi machimboni. Nilisema kwa kukatakata, na nilipokwama alisubiri, akichambua.

Mama aliacha majani. "Weye unasema nini? Watu wale wamemulipia mutoto wangu daktari, na weye unawasemea juu ya kikwembe?"

"Mama, si kikwembe tu."

"Hii mama ataenda kuandika kule, watafunga nyumba. Wengine walio Nizi nani atawatoa?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza hilo hilo. Mgeni ndiye aliyejibu. "Mama, kama ningetaka kuifunga nisingekuwa hapa na vidole vya kijani. Direktrise hajui jina hilo. Hakuna aliyemwambia, juu ya heshima. Lakini sitaenda kumwambia peke yangu. Yaya atakuwepo, na leki atakuja."

Tulikwenda mchana ule ule. Yaya aliitwa kutoka atelye, akaja na uzi begani. Nilidhani mgeni atanisaidia, lakini alimwambia direktrise tu kwamba familia ina neno, akanitazama. Nilitazama ukuta, palipokuwa na kalenda, nikaiambia kalenda kila kitu.

Direktrise alipoongea, sauti yake ya kwaya ilikuwa imepungua.

"Kikwembe ile nilichagua mimi mwenyewe. Wanafika hapa na nguo ile walivaa kule. Nilisema, mutoto wangu hatatoka hapa na nguo ile. Atatoka na kitu kipya."

"Tunajua, mama," Yaya akasema.

"Na weye ulijua hilo jina?"

"Tunalijua wote. Siku nyingine usiku tunaitana hivyo kwa kuchekana."

"Na hamukuniambia."

"Ungelia, mama."

Direktrise alicheka bila kutaka, kisha akakaza uso. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi, na sababu yake haikuwa ndogo. Alisema jipu si la kujionyesha. Yule mama wa maombi bado yuko mjini, kesi yake haijaisha. Msichana akirudi kimyakimya, watu wa namna ile wanamwona kuwa hana mtu, wanamrudia. Jipu linawaambia kwamba huyu ana watu nyuma yake. Nilipomsikia, nikaona kwamba mimi sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimewafikiria wauza vitunguu tu.

Mgeni alimgeukia Yaya. "Weye unataka kurudi namna gani?"

Yaya aliuchezea ule uzi wa begani. Nilikuwa nimejiandaa kumsemea, maana tangu Nizi kila mtu nyumbani alizoea kumsemea. Hakuningoja.

"Kama mutu anayetoka safari," akasema. "Kwetu mutoto mwanamuke akikaa muda mrefu mbali, shangazi anamurudisha. Niende kwanza kwa shangazi, nilime naye kidogo, anilete. Shefu wa avenyu ajue. Wamama wa kamati ya avenyu wajue, wapite kuniona. Huyo mama wa maombi akikanyaga kwetu, wampigie simu mwanasheria. Soko halina kazi ya kujua."

"Na mashine?" direktrise akauliza.

"Sipendi kushona, mama. Nilikuwa naogopa kukuambia. Nitauza sombe na mama yangu."

Hapo hata mgeni aliinama kuficha mdomo. Direktrise alisema, "Miezi yote hii unaniharibia uzi wangu bure," na akamvuta Yaya kichwa kifuani.

Sijui ripoti ilisema nini, haikuletwa kwetu. Ninachojua ni kilichobadilika. Sasa kila anayekaribia kutoka anaulizwa swali lile lile aliloulizwa Yaya. Wawili waliofuata walitaka jipu na nyimbo, wakapewa, na mmoja wao aliimbisha mwenyewe. Wengine walipelekwa na wajomba. Kitenge cha kijani hakigawiwi tena. Kila mmoja anapelekwa sokoni achague chake, na wanakuja kwenye meza yetu. Mama mdogo anawateremshia vya juu bila kunung'unika. Yule msichana wa avenyu yetu bado yuko machimboni. Direktrise amekwenda mara mbili kumwona. Msichana hakukubali kupanda gari, lakini mara ya pili alimpokea direktrise na akamtolea kiti. Direktrise anasema atarudi tena, na mimi namwamini.

Shangazi alimleta Yaya alasiri moja, wote wawili juu ya moto, Yaya katikati yake na dereva, mzigo wa mahindi mabichi mgongoni mwa shangazi, na kuku akipiga kelele kwenye usukani. Shangazi aliteremka akilalamikia barabara kwa sauti ambayo avenyu nzima iliisikia. Majirani walikuja kumsalimu yeye. Walikula mahindi. Walimuuliza Yaya kama huko mvua imenyesha, akasema imenyesha.

Jumatatu alikwenda na mama sokoni. Mimi nilikuwa kwenye meza ya vitenge, upande wa pili wa njia, nakunja kitu kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. Muuza vitunguu alimwona. Alikuja taratibu, akashika fungu la sombe, akaligeuza.

"Tulikupoteza," akasema. "Ulikuwa wapi weye?"

Wanawake wa karibu walipunguza mazungumzo. Nikaona mkono wa mama umesimama juu ya beseni. Nilitoka nyuma ya meza yetu, nikavuka njia, nikiwa sijui nitasema nini, ila nilijua safari hii nitasema.

Yaya alimtazama mama yule usoni.

"Mbali," akasema. "Na nimerudi. Hii ni ya leo asubuhi, mama, iangalie vizuri. Unatwaa, ao nimupe huyu aliye nyuma yako?"

Muuza vitunguu aligeuka. Aliye nyuma yake nilikuwa mimi.

"Natwaa," akasema haraka. "Nipe mafungu mawili. Na leki yako aniondokee mgongoni."

Yaya alimfungia mafungu yake kwa jani la ndizi, akakaza fundo, akamwita anayefuata.