Saa tisini za Eleri Dawa

Saa tatu asubuhi, mvua ikipiga kioo, Idwal Daraja anausukuma mlango wa duka la dawa la Pant-y-wern, mji mdogo wa Welisi, na kupaza sauti kama anayemwita mbwa wake ng'ambo ya bonde.

"Eleri! Wamenirudisha kwako!"

Eleri Prydderch, mfamasia, anaweka chini boksi la vidonge na kufumba macho kidogo. Idwal ni mfugaji wa kondoo, shamba lake liko darajani. Sikio lake la kulia limejaa usaha, kwa hiyo huongea kwa kelele, na foleni nzima inamsikia.

"Nani kakurudisha, mzee?"

"Yule binti wa mapokezi kwa daktari. Anasema masikio siku hizi ni kazi ya duka la dawa."

"Si nililitazama Ijumaa? Nikakwambia linataka dawa ya cheti, na mimi siruhusiwi kuandika cheti."

"Nini?"

"SIRUHUSIWI!"

Mwanamke aliye nyuma ya Idwal anacheka mpaka mwavuli unamponyoka. Eleri hacheki. Anamshika mzee kiwiko, anamgeuza taratibu na kumwonyesha kliniki, hapo hapo ng'ambo ya barabara. Idwal anavuka tena, akiitukana mvua.

"Hii ndiyo kazi yangu," Eleri ananiambia mimi niliyekaa kando ya kaunta. "Naongoza magari, kama trafiki."

Ana miaka arobaini na tatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya kaunta hii. Mjini hakuna anayemwita Prydderch. Huku mtu huitwa kwa kazi yake: yeye ni Eleri Dawa, kama baba yake, mwoka mikate, alivyokuwa Huw Mkate mpaka alipozikwa. Zamani kliniki ilikuwa na madaktari watatu. Amebaki mmoja, na kumwona ni kusubiri wiki tatu.

Huku Welisi, mfamasia akisoma masomo ya uzamili ya uandishi wa dawa, anaweza kumpima mgonjwa mwenyewe na kumwandikia anachohitaji. Eleri amekubaliwa chuoni. Ada inalipwa na serikali. Mwajiri wake, baada ya kuguna sana, amempa siku moja kwa wiki. Kinachokosekana ni kitu kimoja: mtu mwenye idhini ya kuandika dawa, akubali kumsimamia kazini kwa saa tisini. Asipompata kufikia Ijumaa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mwaka jana ilikwenda hivyo hivyo.

"Chuo kinasema nafasi ipo, lete msimamizi," anasema, akibandika lebo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Serikali inasema tunawahitaji, tena haraka. Madaktari wanasema ni wazo zuri sana. Wote wananipigia makofi. Hakuna anayesogeza kiti nikae."

Alianza na Dakta Protheroe, huyo wa ng'ambo ya barabara. "Wazo zuri sana," daktari alimjibu, "ila mimi hata chai nakunywa nimesimama." Daktari wa mji wa pili alikubali, kisha akahamia Australia. Wa tatu alimtumia picha ya dole gumba kwenye simu. Tangu siku hiyo hapokei.

Machungu hayo Eleri huyapeleka kwenye mazoezi ya kwaya, kanisani, kila Jumanne. Anayeyasikiliza ni Meinir, muuguzi wa kliniki, kwa sababu wawili hao huimba sauti ya pili na husimama bega kwa bega. Meinir hutikisa kichwa, husema "pole, mwenzangu," kisha hufungua kitabu cha nyimbo.

Kabla ya saa sita Idwal anarudi, safari hii na cheti cha dawa kilicholowa.

"Hatimaye," Eleri anasema. "Daktari amekuona?"

"Daktari gani? Meinir Sindano ndiye kaandika. Hata kile kifua changu cha Februari aliandika yeye. Hukuona? Dawa si ulinipa wewe?"

Eleri anakiangalia cheti. Vyeti vyenye jina la Meinir amevipokea kwa miaka sita, karibu kila siku.

Sheria haidai kwamba msimamizi awe daktari. Muuguzi au mfamasia mwenye uzoefu wa kuandika dawa anafaa vilevile. "Na niliisoma," anasema polepole. "Niliisoma kwa macho haya haya. Lakini kichwani nikaona daktari."

Saa saba anafunga duka na kuvuka barabara bila koti. Meinir yuko kwenye chumba cha sindano, anakula mkate wa jibini.

"Meinir, utanisimamia?"

"Umechelewa."

Eleri anakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Umeshamkubalia mwingine?"

"Umechelewa miezi minane, mjinga wewe! Kila Jumanne unanililia sikioni. Umeomba madaktari mpaka wa Australia. Mimi nimesimama pale kama stuli."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nijipendekeze? Mama yangu angefufuka anizabe kofi. Mtu huombwa, Eleri."

"Ungeiacha Ijumaa ipite?"

Meinir anatafuna, anameza, anakung'uta makombo. "Wiki iliyopita nilikaribia kusema."

"Ulikaribia!"

"Ukaanza kukohoa."

Eleri ananiambia baadaye kwamba hakujua amkumbatie au amnyang'anye ule mkate aukanyage. Wakati bado wanazozana, Dakta Protheroe anachungulia mlangoni, kikombe mkononi, anaelezwa kinachoendelea.

"Wazo zuri sana," anasema.

"Tumelisikia, Daktari," wanajibu wote wawili kwa pamoja.

Jina la Meinir limefika chuoni alasiri hiyo, na chuo kimelikubali. Masomo yanaanza Septemba. Eleri anapanga kuanza na masikio, koo na vifua, maana hivyo ndivyo vinavyojaza foleni. Nyuma ya duka kuna chumba cha kuonea wagonjwa ambacho kwa miaka hakijamwona mtu, kimejaa maboksi ya nepi. Anataka kukisafisha mwenyewe, aweke viti viwili na taa ya kutazamia masikio.

"Nikimaliza, mtu akiingia mlango huu na sikio, atatoka na dawa," anasema. "Sitamwonyesha barabara tena."

Idwal amerudi kaunta, kifurushi chake cha dawa mfukoni. Amerudi kwa sababu ana jingine.

"Eleri, hili la kushoto nalo limeanza kuwasha."

"Lishikilie mpaka mwakani, mzee."

"Nini?"

"MWAKANI!"

Idwal anafikiri, anavaa kofia yake juu ya masikio yote mawili, anafungua mlango na kuvuka barabara.