Baba Mkwe na Grainda

Boti yangu ya faiba ililala kifudifudi uani kwetu Tarime, ikisubiri kubanduliwa rangi kuukuu ya tumboni. Baba mkwe, fundi rangi wa malori, alikataa msasa na maji. Aliishambulia kwa grainda kama anayetoa kutu kwenye bati, vumbi jekundu likiturukia usoni, mpaka diski ikaitoboa.

Kwetu baba mkwe hagombezwi, hata akikuchomea nyumba. Nilimeza tusi, nikachukua nyundo, nikaipiga boti yenyewe, ubavuni, tumboni, kila palipobaki pazima, huku naitukana.

Nilipoishiwa pumzi, mzee alikuwa ameshazima mashine. Hakunitazama. Alimgeukia mke wangu, aliyesimama mlangoni na uji wetu, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, na wewe anakupiga hivi?"