Blanketi Juu ya Kompyuta

Mkurugenzi wa redio yetu pale Rugenge alikuwa na diploma mbili na akili ya kuazima. Ili kelele za malori zisiingie studioni, aliziba dirisha kwa magodoro. Kompyuta akaifunika blanketi, eti vumbi. Juu yetu bati tupu. Chumba kile kingefaa kuokea mikate.

Sauti zote zilipita kwenye kompyuta hiyo. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini saa nane mchana, wakati wa matangazo ya vifo, ilizimika. Nilimweleza kwamba alimentation, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, likipata joto hutoa nguvu kidogo, na umeme unaopotea ndani yake unazidi kulichemsha, mpaka linajikata lisiungue. Tuondoe blanketi, tufungue dirisha.

"Weye uko mutangazaji," akanijibu. "Hapa imeandikwa watt mia tano. Asubuhi ni mia tano, muchana ni mia tano."

Kwa hesabu hiyo, anayepandisha gunia la mihogo alfajiri na anayelipandisha jua la utosi ni mamoja. Nilimdharau, na bado namdharau. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja nilisoma tangazo la bibi aliyefariki mjini. Nikataja jina lake, na kabla sijafika kwenye saa ya mazishi, mashine ikazimika. Kesho yake binti yake alifika saa sita kutoka Kiringye. Walikuwa wamemzika saa tatu asubuhi. Akaja moja kwa moja kwetu.

"Minye nilisikia jina ya mama tu, saa ya kuzika hapana," alimwambia mkurugenzi. "Sasa ndugu banasema nilikatala kuzika mama yangu. Museme ku radio kama ni radio ilikatika."

"Pole, mama. Ni courant," akasema bila haya, akiusingizia umeme.

Hata hivyo alikubali, akaliandika tangazo mwenyewe, kwa lugha yake ya kiofisi. Nikamsihi tulisome asubuhi, kungali baridi. Akakataa: mambo ya vifo ni saa nane. Blanketi nalo libaki.

Saa nane nikasoma alivyoandika: "Tunawajulisha kwamba binti wa marehemu, mkazi wa Kiringye, hakufika kumzika mama yake kwa sababu..."

Mashine ikazimika. Kiringye walisikia mpaka hapo.